Nambari ya Upande wa Kushoto

Kwa muda wa wiki sita nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Nasema hivyo kwa sababu furaha ya namna hiyo si tabia yangu. Mimi ni fundi wa mizani. Nina duka la chumba kimoja katika Mji wa Kale, lenye meza, rafu na dirisha, na kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kilo ya muuza mchele ni kilo. Mtu wa kazi hiyo hajizoezi kurukaruka. Lakini katika wiki zile sita mke wangu alinifumania mara mbili nikiimba mbele ya bawa la plastiki, na mara moja nikiliomba msamaha.

Bawa lilikuwa la ndege ya mfano. Nimeunda ndege kama hizo kwa miaka kadhaa sasa: huja zikiwa vipande ndani ya boksi, unaviunganisha kwa gundi, kisha unavipaka rangi mwenyewe kwa brashi. Sikufundishwa na mtu. Nilisoma karatasi ya maelezo, nikaharibu ndege mbili, nikasoma tena. Ndivyo nilivyojifunza karibu kila kitu: mizani, hesabu za sehemu, kusoma Kiarabu, umeme wa nyumba. Sina cheti hata kimoja. Mkaguzi wa serikali huja na kupiga muhuri mizani nilizotengeneza, lakini muhuri huo ni wa mizani, si wangu. Katika umri wa miaka hamsini na miwili nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya mtu anayejua kuliko mimi, akaikagua kazi yangu mwanzo hadi mwisho, akasema ndiyo.

Ndege yangu ya kwanza iliyonyooka niliiweka juu ya rafu dukani. Wateja waliisifu. Mmoja aliniuliza kama inatumia betri. Kisha siku moja akaingia mzee mmoja mrefu, mtu wa bara, shati limepigwa pasi mpaka mfuko wa kifua umebana kama bahasha. Alikuwa ameleta mizani ya jikoni iliyokwama. Aliiweka mezani bila kuitazama, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshafika kwenye rafu.

"Hii nani ametengeneza?"

"Mimi, mzee."

"Ulitaka ianguke?"

Nikasema sikumwelewa. Akavaa miwani, akainama.

"Vifuniko vya miguu ya magurudumu umevifungua kwa nje. Hii aina vinafunguka kwa ndani. Ikishuka, upepo unaving'oa vyote viwili, mguu unakwama, rubani anakufa." Akavua miwani. "Umemuua rubani, kijana."

Muda mrefu ulikuwa umepita tangu niitwe kijana, na sikuwa nimewahi kushtakiwa kwa mauaji. Nilifurahi mno hata nikasahau kumkaribisha kiti.

Ikawa kwamba mzee huyo, ambaye wakati huo aliishi kwenye fleti za Ganjoni na alikuwa amestaafu kutoka karakana moja bandarini, alikuwa fundi wa ndege za jeshi katika ujana wake. Kwa miaka mingi aliitunza ndege moja tu, jeti ndogo ya mafunzo ambayo pia ilibeba silaha, yenye viti viwili vilivyokaa bega kwa bega. Aliizungumzia kama watu wengine wanavyozungumzia nyumba walimozaliwa.

"Marubani walikuwa wanakuja na kwenda," aliniambia. "Mimi nilibaki. Ndege ilikuwa yangu. Wao walikuwa wanaazima tu."

Hakuwa na picha yake hata moja. Siku hizo, alisema, mtu aliyekutwa na kamera karibu na ndege alikuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Tangu siku ile alikuwa akipita dukani mara moja kwa wiki, akienda au akitoka Marikiti, na kila mara alikosoa kitu. Nilikuwa nikimngoja. Kisha akapita siku moja akasema nyumba yake ya bara imekwisha kuezekwa, mwanawe wa kike anamhitaji, na baada ya wiki sita atapanda basi Mwembe Tayari, na hatarudi tena kukaa.

Siku tatu baadaye, kwa muuzaji mmoja wa Marikiti ambaye hununua vitu vya wageni wanaohama, nikaliona boksi lililopondeka kona moja, chini ya pasi mbovu na viatu vya kuogelea. Juu yake palikuwa na picha ya jeti ndogo yenye viti viwili, bega kwa bega.

Nililikumbatia boksi hilo kifuani njia nzima hadi nyumbani. Watu wanaonijua walinitolea salamu na mimi nikawajibu, lakini sikumbuki nilijibu nini. Kipimo chake kilikuwa moja kwa sabini na mbili. Sijui kama wasomaji wangu wanaona uzuri wa tarakimu hiyo. Futi sita ni inchi sabini na mbili. Kwa hiyo mtu wa futi sita anakuwa inchi moja kamili, bila masazo. Yule mzee, ambaye nilimkisia futi sita, angeweza kusimama chini ya bawa lile akiwa na urefu wa pingili moja ya kidole gumba changu. Nilikaa kitandani nikicheka. Mke wangu akauliza nani amekufa akaniachia urithi.

Mzee alipopita tena nilimwambia kwamba ninaunda ndege yake, na kwamba ninataka aikague siku ya safari, kabla hajapanda basi. Kama ingekuwa sawa, aende nayo. Kama isingekuwa sawa, aseme hivyo mbele yangu, na ibaki kwangu. Niliyasema hayo kwa sauti ya kawaida. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeamka alfajiri kuyafanyia mazoezi.

Hakutabasamu. Aliomba karatasi, akaandika, akatazama mlangoni, akaikunja mara nne.

"Kama ni yangu, lazima iwe na nambari yake, pande zote mbili. Ukishasoma, choma."

"Mzee, ndege hii si ilikwisha kuuzwa chuma chakavu zamani?"

"Choma," akasema.

Niliichoma. Hata leo nina ruhusa ya kutaja tarakimu yake ya mwisho tu, nayo ni saba.

Nikaanza. Sitaeleza kila hatua, ingawa ninazo zote katika daftari. Nitaeleza pua. Ndege ya magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, ikiwa ni ya plastiki tupu hukaa kitako na kuinua pua juu, kwa sababu mkia unaishinda pua. Karatasi ya maelezo ilisema: weka uzito puani. Uzito gani? Haikusema. Mtu mwingine angebahatisha. Mimi nilikuwa na mizani kumi na nne ndani ya duka. Nilipima, nikapiga hesabu, nikachukua chubwi, ile risasi ya mshipi wa kuvulia samaki, nikaichonga mpaka ikabaki gramu saba, nusu gramu ikiwa ni ya ziada kwa ajili ya rangi itakayopakwa mkiani. Nilipoifunga ndani na kuiweka ndege mezani, ilisimama kwa magurudumu yake yote matatu kama paka aliyekaa vizuri. Niligonga meza. Ilisimama. Nilifungua mlango, nikamwita muuza kahawa aliyekuwa akipita aje aone. Alitazama kwa adabu, akauliza kama nitakunywa kimoja au viwili.

Mzee aliendelea kupita na kuongeza masharti. Kioo cha rubani kiwe kimerudishwa nyuma, viti vitupu. Rubani hayupo, alisema, amekwenda kunywa chai. Ndege iko mikononi mwa fundi. Kwenye bawa kuna sindano ya kupimia mwendo, na ile ya plastiki ni nene mno, "kama mti wa simu." Nikaikata, nikaweka ncha ya sindano ya kushonea. Juu iwe na mabaka ya kijani na rangi ya udongo, chini kijivu. Mabaka nilipaka kwa brashi, tabaka nyembamba nne, nikingoja siku nzima baina ya tabaka na tabaka kwa sababu hewa ya kisiwani ina maji na rangi hukauka ikipenda yenyewe. Mke wangu aliizoea. Akirudi jioni alikuwa akiuliza, "Mke mwenzangu keshakula?"

Kilichonishinda ni alama. Katika boksi huwa kuna karatasi yenye duara za taifa na tarakimu, unazilowesha na kuzibandika. Yangu ilikuwa imepata unyevu, ikagandamana ikawa kitu kimoja kama kipande cha halua. Kila alama ilibidi ichorwe kwa mkono, na nambari yenyewe ilikuwa na kimo cha nusu sentimita. Nilijaribu kwenye plastiki ya kutupa. Saba yangu ya kwanza ilikuwa jembe. Ya tano ilikuwa jembe lililopinda.

Mke wangu ni mpaka piko, ile rangi nyeusi ya urembo wa mikono. Mabibi harusi wa mitaa mitatu wamepita mikononi mwake. Ukimtazama akichora ua la piko kwenye kiganja, utadhani ua lilikuwepo na yeye analifuatisha tu. Hatumii brashi kwa michoro myembamba; hutumia kijiti cha chelewa, ule uti wa jani la mnazi, aliouchonga ncha kwa kisu, kwa sababu chelewa haitawanyiki kama nywele za brashi. Nikamwonyesha majembe yangu.

"Leo nimekuwa na maana," akasema.

"Nisaidie, mama."

"Nipe siku mbili, na usinisimamie kichwani. Bibi harusi hapambwi na mwanamume amesimama mlangoni."

Siku ya kwanza alichora duara zote, nyeusi, nyekundu na kijani, na mikato myeupe baina yake, kwa mkono mtupu. Nilizipima. Nilipata tofauti moja ya unene wa unywele, nikainyamazia. Kisha akachora nambari upande wa kulia, akiitazama nakala niliyomwandikia. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilitoka nje nikazunguka nyumba.

Siku ya pili, ambayo ilikuwa siku moja kabla ya safari ya mzee, alichora upande wa kushoto alasiri nikiwa dukani. Niliporudi alikuwa jikoni, na ndege ilikuwa juu ya kigingi chake, upande mbichi umeelekezwa ukutani ili vumbi la barabarani lisiupate. Mimi sigusi rangi mbichi. Nina kioo kidogo chenye mpini, ninachokitumia kutazama nyuma ya mizani bila kuifungua. Nilikiingiza baina ya ndege na ukuta. Nikaiona nambari ndani ya kioo, kamili, safi, imenyooka, na saba yake mwishoni. Nikatazama upande wa kulia kwa macho. Nikatazama upande wa kushoto kwa kioo. Zilikuwa sawasawa.

"Mashaallah," nikasema kwa sauti, na mke wangu akajibu kutoka jikoni kwamba anajua.

Asubuhi niliifunga ndani ya boksi lenye pamba, nikachukua na kisanduku changu cha dharura, yaani kopo la biskuti lenye vichupa vya rangi zote, kwa kuwa tuktuk hutikisa. Mke wangu alikuja pamoja nami. Alimpikia mzee mkate wa sinia wa njiani, na mkoba wake wa kazi ulikuwa begani kwa sababu baada ya hapo alikuwa na bibi harusi wa kupamba Majengo.

Mwembe Tayari ilikuwa kama kawaida yake, mabasi yananguruma na watu wanauza maji, soksi na chaja za simu kwa wakati mmoja. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya ofisi ya basi lake, koti na tai juu ya shati la pasi. Alisimama alipotuona.

"Sabalkheri, mzee," nikasema.

"Asubuhi njema. Asubuhi njema, mama. Iko wapi?"

Alilaza sanduku lake la chuma juu ya benchi, akatandika gazeti juu yake, nami nikaiweka ndege. Akavaa miwani. Akatoa tochi ndogo mfukoni. Kisha hakuigusa. Aliweka mikono mgongoni, akainama, akaanza kuizunguka yeye, hatua kwa hatua, kana kwamba ndege ilikuwa na urefu wa mita kumi na yeye ndiye mdogo.

"Pua. Sawa. Gurudumu la mbele. Sawa. Vifuniko." Akainama zaidi. "Vinafunguka kwa ndani. Sawa."

Kila "sawa" ilinipanda kutoka nyayoni. Mke wangu alinifinya mkono nisimame wima.

"Bawa la kulia. Sindano." Akanitazama juu ya miwani. "Nani alikuambia ifanywe hivi?"

"Wewe, mzee."

"Nilisema vizuri. Sawa. Nambari, kulia. Sawa." Hapo sauti yake ilipungua kidogo, akakohoa, akaendelea. "Bomba la moshi. Hapa kuna masizi."

Nilikuwa nimeyapaka masizi yale kwa unga wa penseli. Nikahisi shati limeshika mgongo.

"Mimi nilikuwa nafuta kila siku," akasema. "Lakini ikifika jioni ilikuwa hivi hivi. Sawa."

Akapita mkiani, akaingia upande wa kushoto. Akamulika tochi. Akasimama. Akaondoa miwani, akaifuta kwa tai, akairudisha.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Hii ndege iko na nambari mbili. Upande ule ni yangu. Upande huu sijui ni ya nani."

Nikaenda upande wake. Nambari ilikuwa pale, nyembamba, safi, haina kasoro ya mkono, na ilikuwa imegeuzwa nyuma mbele. Saba ilikuwa ya kwanza, ikitazama upande usio wake. Mke wangu hakuwa ameiandika upya: alikuwa ameipindua, kama kivuli cha ile ya kulia. Na kioo changu, kwa uaminifu wake wote, kilikuwa kimeipindua mara ya pili na kuninyooshea.

"Mbona umeigeuza?" nikamuuliza mke wangu.

"Sijaigeuza! Mkono wa kulia na mkono wa kushoto! Kila nikipambacho ni jozi. Viganja vikikutana, ua lakutana na ua. Hebu ikunje ndege yako katikati uone kama hazikutani."

"Ndege haikunjwi!"

"Na wewe si uliitazama? Jana ulisema mashaallah, nilikusikia."

"Niliitazama kwa kioo."

Kicheko kikamtoka, akashika benchi kwa mikono miwili. "Mtu na vipimo vyake! Na daftari lake! Na mizani zake kumi na nne! Akaenda kusoma nambari kwa kioo!" Na mimi, ambaye nilipaswa kuzimia, nikajikuta nacheka pia, bila uwezo wa kuacha, machozi yananitoka mbele ya ofisi ya mabasi.

Mzee hakucheka.

"Siwezi kuipokea hivi," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesikitikia mvua. "Ningependa. Lakini hii si ndege yangu."

Hapo kicheko kikanikatika. Kondakta wa basi, kijana mwembamba mwenye filimbi, akaja mbio.

"Mzee, gari yaondoka. Pandeni."

"Ndege kwanza," akasema mzee.

"Ndege ziko ng'ambo ya Makupa, mzee. Hapa ni basi."

Nikafungua kopo la biskuti. Akili yangu ikarudi mahali pake. Mabaka ya mwilini yalikuwa ya rangi ya maji, yamekauka kwa zaidi ya wiki. Nambari ilikuwa ya rangi ya mafuta, ya jana tu. Kitu kinachoyeyusha mafuta kingeiondoa nambari bila kugusa mabaka. Nilikuwa na rangi nane. Sikuwa na tapentaini, kwa sababu nilijiandaa kuongeza, sikujiandaa kufuta.

"Mafuta ya taa," nikasema. "Nani ana mafuta ya taa?"

Mama muuza chai wa pembeni akainua stovu yake. "Mimi ninayo. Wapikia nini?"

"Nafuta nambari ya ndege."

"Haya," akasema, akanimiminia kwenye kifuniko cha chupa, kwa uso wa mtu aliyekwisha kuona mengi Mwembe Tayari.

"Tia pafyumu, inafuta upesi!" akashauri muuza soksi, na tayari alikuwa amefungua kichupa.

"Hapana!" tukapiga kelele wote watatu, mimi, mke wangu na mzee, kwa kuwa spiriti ya pafyumu ingeondoka na mabaka pia.

Nikalowesha pamba, nikaibana kwenye kibanio, nikaanza kugusa na kuinua, kugusa na kuinua. Tarakimu ya kwanza ikalainika, ikatoka. Kijani chake kilikuwa palepale chini. Nilipofika kwenye ya mwisho tulikuwa na duara la watu. Mama wa chai alikuwa amekunjua leso yake kukinga vumbi. Mke wangu alikuwa ameketi juu ya gunia la mtu, amechonga chelewa mpya, anapuliza ncha.

"Safari hii mwaniandikia," akasema. Nikaiandika nambari juu ya gazeti. Mzee akaifunika mara moja kwa kiganja, akawatazama watu, akamwonyesha mke wangu peke yake kwa kuinua vidole kidogo.

Alipoinamisha mkono kuchora, sanduku likatetemeka. Likatetemeka gazeti, likatetemeka bawa. Ilikuwa ni injini ya basi.

"Zima gari," akasema mzee.

"Ati?" akauliza kondakta.

"Zima gari. Fundi anaandika."

Sijui ni nini kilichokuwa katika sauti ile. Nadhani ni sauti iliyokuwa ikitumika zamani kwenye uwanja wenye marubani. Kondakta akamtazama dereva, dereva akatoa kichwa dirishani kumtukana mtu, akaiona ndege, akakisahau alichotaka kusema. Akazima. Abiria wakaanza kulalamika, kisha wale wa madirisha ya upande wetu wakawaambia wale wa upande wa pili wanyamaze. Dereva mwenyewe akashuka.

"Inakwenda upande gani?" akauliza kwa kunong'ona.

"Kushoto kwenda kulia," nikasema, "kama maandishi yote."

"Basi hilo mngeniambia tangu jana," akasema mke wangu bila kuinua macho, na chelewa ikagusa.

Nimeona kazi nyingi za mikono. Sijaona kama ile. Tarakimu ya kwanza, ya pili. Mzee alishika tochi ingawa ilikuwa saa tatu na jua limetoka. Muuza soksi aliacha kupumua, niliona. Kisha saba: mstari wa juu, kituo kidogo, mstari wa kushuka. Mke wangu akaondoa mkono.

Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa mzee alikuwa amekwisha kuweka mikono mgongoni. Alianza tena tangu puani. Hakuruka kitu. Kondakta alikuwa na filimbi mdomoni na hakuipuliza. "Gurudumu la mbele, sawa. Bawa la kulia, sawa. Mkia, sawa. Bawa la kushoto, sawa." Akamulika. Midomo yake ikasoma bila sauti, tarakimu moja moja. Nilikuwa nimeshika kibanio kwa nguvu hata kikaniacha alama kidoleni kwa siku mbili.

"Nambari, kushoto," akasema. "Sawa."

Akanyoosha mgongo, akanigeukia.

"Ndiyo, fundi. Hii ni yangu. Naipokea."

Nilitaka kusema jambo la heshima. Badala yake niliruka. Niliruka kweli, miguu yote miwili, na nikatua juu ya kiatu cha dereva. Mama wa chai akapiga kigelegele, na mke wangu akamfuata, na abiria ambao hawakujua hata ni kitu gani kimetokea wakapiga makofi kupitia madirishani. Dereva alisema haidhuru, kiatu ni cha kazi.

Mzee akaomba kalamu. Akachukua kifuniko cha boksi, akaandika kwa herufi kubwa kwamba ndege imekaguliwa na iko tayari kuruka, akaweka saini yake, akanipa.

"Hii inabaki kwa fundi. Ndiyo utaratibu."

Rangi ilikuwa mbichi, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kuirudisha ndani ya boksi. Alipanda basi akiwa ameishika kwa ncha za mabawa, vidole viwili huku na viwili huku, koti likiwa limefungwa vifungo na mke wangu, na mkate wa sinia umebebwa na kondakta. Abiria walimpisha kama wanavyompisha mtu aliyebeba uji wa moto. Alikaa dirishani. Dereva akawasha gari, akalitoa taratibu sana, taratibu kuliko basi lolote nililowahi kuliona likitoka Mwembe Tayari.

Sisi tulipunga mikono. Yeye hakuwa na mkono wa kupunga. Alitutazama, akaitazama ndege, akatazama mbele kuona kama kuna anayemwona. Kisha, mtu mzima yule, mwenye tai, akaiinua mpaka usawa wa kioo, akaielekeza pua juu, akailaza bawa moja, na akaanza kuirusha bila kuiachia.

"Mzee!" mke wangu akapiga kelele, akilikimbilia basi na mkoba wake begani. "Mzee, haijakauka!"